Mvua Kumi na Mbili za Wifi Yangu

Wifi yangu ni mtu asiyejua kusema ndiyo wala hapana. Mwulize kama atakula, atasema huenda. Mwulize kama mvua itanyesha, atakuuliza wewe: ya wapi, na kuanzia saa ngapi? Wapakiaji wa ghala letu hawakumaliza hata wiki naye wakampa jina, wakamwita Huenda, na jina likamkaa kama kofia ya kushonesha. "Huenda kasema lori lisogezwe." "Lisogezwe huenda, au lisogezwe kweli?" Ndivyo walivyotaniana pale mlangoni, naye anacheka pamoja nao, kisha anawauliza kupakia lori moja kunawachukua dakika ngapi, na mvua ikiwa inanyesha ni dakika ngapi, halafu anaandika.

Mimi ndiye mtunza ghala. Mwaka wa ishirini na mbili huu funguo za ghala la misaada ya maafa zinanining'inia kiunoni, na nikipita watu wananisikia kabla hawajaniona. Shule niliishia darasa la saba, lakini hakuna turubai lililowahi kutoka pale bila mimi kujua linakwenda kumfunika nani. Kwa hiyo nilipoambiwa ofisi imeajiri mpangaji wa misaada, mtu wa hesabu za chuo kikuu, na kwamba mtu huyo ni mdogo wake mume wangu, na kwamba atafikia kwangu, nilisema maneno ambayo hapa siyaandiki. Alale kwangu, ale kwangu, kisha aje kuniamrisha ghalani kwangu? Wifi mmoja anatosha kukaa nyumba moja naye. Kukaa naye nyumba moja na kazi moja ni kutafuta presha.

Akaja na begi moja na kompyuta moja. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, anakula amesimama, na kila akimaliza kikombe cha chai anasahau alikiweka wapi. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayepanga misaada ya mkoa mzima.

Mume wangu akanisimulia kisa cha baiskeli. Kwao, kijiji cha ng'ambo ya mto, walikuwa watu watano na baiskeli moja, na kila asubuhi ni ugomvi: baba anaitaka, kaka wanaitaka, na kila mmoja anakwenda upande wake. Huyu mtoto, ana miaka kumi na miwili, akawaambia wasigombee nani aondoke nayo nyumbani. Aondoke nayo anayekwenda mbali kwanza, afike kwenye mashine ya kusaga, aiegeshe pale na kumalizia kwa miguu, na wa pili ataikuta pale. Baba yao akakasirika alipoiona baiskeli yake imeegeshwa mahali ambapo hakuna mtu wa kwao. Akadhani imetupwa. Lakini wiki ile kila mtu alifika mapema, na hakuna aliyejua ni kwa nini, isipokuwa huyo mtoto.

Alipomaliza chuo aliajiriwa na kiwanda cha soda, kazi yake kupanga malori yapite wapi. Miaka kadhaa nyuma, yalipokuja yale mafuriko makubwa, soda ilifika kila kijiji siku ya pili. Dawa za maji zilifika siku ya tisa. Yeye ndiye aliyezipanga hizo soda. Akaniambia alimwona kwenye picha ya gazeti mama mmoja amekaa juu ya paa la nyumba, mtoto wake ameshika chupa ya soda, na chupa ile aliijua ilitoka lori gani. Alikaa na picha ile mwezi mzima, kisha akaacha kazi. 

Sasa kazi yenyewe. Nilidhani anatabiri mvua. Akasema hapana, wanaotabiri wapo, na huwa wanakosea, na yeye anaanzia palepale wanapokosea. Alichukua kumbukumbu za mito na mvua za miaka arobaini akatengeneza mvua kumi na mbili. Mvua ya kwanza inajaza bonde la chini na kuacha daraja. Ya pili inavunja daraja. Ya tano inakuja kutoka milimani asubuhi na kukuta watu shambani. Kila mvua ina uzito wake, kwa kadiri inavyoelekea kutokea. Ameziandika kwenye daftari, kila moja na ukurasa wake: nyumba ngapi, watoto wangapi, barabara ipi inakatika. Mama mkwe wangu aliposikia kwenye simu, akauliza ni kazi gani hiyo ya kulipwa kwa kuhesabu mvua ambayo haijanyesha.

Mimi nami nilikuwa upande wa mama. Ndipo Jumapili moja wifi akaniomba sinia, vikombe saba na maharage mabichi.

Vikombe saba vilikuwa vituo vyetu saba. Maharage thelathini ndiyo shehena. Akakunja vikaratasi, kila kimoja kimeandikwa mvua yake, na mvua zenye uzito mkubwa zimeandikwa mara mbili. Akasema, "Wifi, gawa maharage kwanza, kabla hujachota karatasi. Ukishachota, unaruhusiwa kuyahamisha, lakini barabara nitakayolazia kijiti cha kiberiti imekatika, hupiti." Nikagawa kwa akili yangu ya miaka yote, mengi kikombe cha nyumbani, maana ghala kubwa ndilo mama wa yote. Nikachota. Mvua ya pili. Akalaza kijiti juu ya daraja, na kikombe cha ng'ambo kikabaki hakina hata punje, na maharage yangu kumi na tano yamekaa upande wa pili yanakiangalia.

Nikasema nirudie. Nikagawa sawasawa, kila kikombe manne, na mawili ya ziada kikombe cha nyumbani. Nikachota, vikombe viwili vilitaka kumi kila kimoja. Nikarudia tena. Mpaka saa kumi jioni nilikuwa bado nachota, chakula hakijapikwa, na mume wangu amechungulia jikoni mara tatu akarudi zake. Wifi aligawa mara moja tu. Mgao wake haukuwa mzuri kuliko wangu katika karatasi yoyote niliyokuwa nimeibahatisha, lakini karatasi yoyote niliyochota, hapakuwa na kikombe kilichobaki kitupu.

"Umejuaje nitachota ipi?" nikamwuliza.

"Sijui, wifi. Ndiyo maana nimezipangia zote."

Nilikaa nikalitazama lile sinia. Nilikuwa nimezoea kuona watu wa misaada wanalia baada ya maafa. Huyu alikuwa ameshawalilia watu wa mvua kumi na mbili, na angalau kumi na moja kati ya hizo hazitakuja mwaka huu. Mtu huyo ana moyo wa namna gani?

Basi mwezi mmoja kabla ya masika akaiambia kompyuta ipange kweli. Si maharage sasa. Maturubai elfu mbili mia sita, vidonge vya kusafishia maji, mablanketi, malori tisa, barabara zote na saa zake. Aliipa amri moja: tafuta mgao ambao, ukizichukua mvua zote kumi na mbili kwa uzito wake, siku za watu kukaa bila chochote ziwe chache kuliko mgao mwingine wowote duniani. Nikamwuliza migao mingine iko mingapi. Akasema ukiiandika yote, kila mgao karatasi moja, karatasi hazitaenea katika ghala letu wala katika maghala yote yaliyopo. Mashine ikazipita zote kwa dakika arobaini, bila kuzifungua moja moja, kwa sababu hesabu ina njia ya kujua rundo zima halina faida na kulisukuma kando. Tulikuwa tunakunywa chai. Kikombe changu kilipoa mkononi.

Karatasi ikatoka. Nikaisoma kwa kidole, kituo kwa kituo. Kijiji cha ng'ambo: sifuri.

Nikadhani nimeruka mstari. Nikaanza upya. Sifuri. Ng'ambo ndiko kwa mama mkwe, mwanamke wa miaka sabini na moja, goti bovu, anaishi peke yake hatua mia mbili kutoka mtoni kwa sababu hataki kuliacha kaburi la mumewe. Huyo ndiye mama aliyemzaa huyu aliyekaa na kompyuta.

Nilimngoja nyumbani. Nikamwambia ndugu yake amekonda kwa mawazo ya mama, jirani zangu wanampelekea mama chumvi, na yeye mtoto wa tumbo lake ameketi kwenye kiti cha kuzunguka akamwandikia sifuri. Akasikiliza mpaka nikamaliza, na mimi si mtu wa kumaliza haraka. Kisha akasema ameiona ile sifuri kabla yangu, na tangu hapo hajala. Akasema kompyuta haimjui mama, na akiifundisha kumjua mama, itabidi aifundishe kuwasahau wengine.

"Lakini sifuri hii inanishangaza," akasema. "Si ya kawaida. Ni kama kuna kitu hesabu haijaambiwa."

Kesho yake akaja ghalani na vitabu vyangu vya kutoa na kupokea, vya miaka kumi na moja. Akakaa juu ya bunda la mablanketi karibu na meza yangu. Hakupaza sauti.

"Wifi, ghala lako limewahi kuwa tupu mara sita. Umeandika mwenyewe, salio sifuri. Na mara zote sita, limetoa maturubai baada ya kuwa tupu."

Ni kweli. Nyuma kabisa, nyuma ya vitanda vibovu, kuna maturubai mia tatu na arobaini ambayo hayamo kitabuni. Sikuyaiba. Nilipofundishwa kazi, mtunza ghala aliyenitangulia alinifundisha hivyo: wakubwa wakiona una kumi, watazimaliza kumi, kwa hiyo waonyeshe nane. Akiba haiozi. Kila siku mbaya ilipofika, watu wakasema hakuna tena, mimi nilikwenda nyuma nikatoa, na nilijiona mimi ndiye mwenye akili katika ofisi nzima. Miaka ishirini na miwili nimejisifu kwa hilo moyoni.

Nikamwonyesha. Akayatazama, hakunilaumu. Akaniuliza kama najua mwingine anayeweka akiba. Nikacheka kwa uchungu, nikamwita dereva wetu mkongwe, anaitwa Taratibu. Taratibu ndiye aliyempa wifi saa za barabara ile ndefu ya kuzunguka kwenda ng'ambo bila kupitia daraja la chini: saa tisa. Nikamwambia aseme kweli. Akajikuna, akasema barabara ni saa tano. Zile nne za katikati yuko kwa mke mdogo.

"Sasa ningesema tano," akasema, "siku nikichelewa si mtanifukuza?"

Wapakiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Wifi hakucheka. Aliandika tano. Na mimi nilielewa, nikiwa nimesimama pale na funguo zangu: mimi nimeficha mia tatu arobaini, Taratibu ameficha saa nne, kila mmoja kwa nia njema na kwa tumbo lake, na hesabu ilipozikosa ikamtafuta mtu wa mwisho wa barabara ikamwachia aibu yetu. Mtu huyo alikuwa mama mkwe. Si kompyuta iliyomwandikia sifuri. Ni mimi.

Akairudia hesabu. Dakika arobaini nyingine. Nilikuwa nimeshayafunga yale maturubai kwa kamba, tayari kwa kwenda ng'ambo, maana yatakwenda wapi kwingine? Karatasi ikatoka. Ng'ambo: sifuri. Maturubai mia tatu na arobaini yote: tanuri la matofali.

Tanuri la matofali liko juu kwenye njia panda ya barabara ya kuzunguka, mwendo wa saa mbili kutoka kwa mama. Pale hapakai mtu. Kuna matofali, mlinzi na lori moja la kubebea matofali. Nikasema hapana, hapo sasa mashine imeingiwa na maji. Maturubai ya watu yawekwe mahali pasipo na mtu hata mmoja?

Wifi akanitazama. "Kwa sababu si pa mtu," akasema, "panaweza kuwa pa yeyote. Nusu ya uamuzi tunaufanya leo. Nusu tunayaachia maji yatuambie."

Nikamwambia asinipigie mashairi. Ndipo akasema neno ambalo sikulitegemea. "Funguo unazo wewe. Ukitaka kuyapeleka kwa mama, yapeleke, na mimi sitasema kwa mtu. Ni mama yangu. Ila kwanza zipitie mvua zote kumi na mbili, wifi, uniambie unamvua nani."

Akaniachia daftari akatoka. Nilimwona dirishani amesimama kwenye jua karibu na malori, ameshika kikombe kitupu. Nikajua angetaka niyapeleke. Angetaka sana.

Nikafungua mvua ya kwanza. Nikasoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, mchana mzima, na anayekuja na karatasi ya kusaini namfukuza. Katika mvua nne tu ndipo kijiji cha mama kinapigwa. Katika mbili kati ya hizo nne, maji yanaingia kwenye ghala la kijiji lenyewe, maana nalo liko bondeni, na yatayakuta maturubai kabla ya watu. Katika mvua sita wanaopigwa ni wengine, wa machimbo ya mawe na wa mashamba ya juu, na maturubai yangu yatakuwa yamekaa kwa mama, mazuri, makavu, mpaka lori liende kuyachukua, lirudi, siku imepita. Mvua mbili zilizobaki hazitaki maturubai. Kwa hiyo akili yangu inashinda mara mbili katika kumi na mbili. Na kwenye ukurasa wa machimbo aliandika kwa mkono wake: watoto chini ya miaka mitano, themanini na tisa. Sikuwahi kufika machimbo. Sikuwajua. Sasa nilikuwa najua wako wangapi.

Jioni nikakumbuka baiskeli iliyoegeshwa kwenye mashine ya kusaga, mahali pasipo na mtu wa kwao.

Nikatoka nje nikamwambia Taratibu apeleke yote kwenye tanuri, na safari hii asipitie kwa mtu. Wifi alisikia. Akaingia ndani akaosha uso.

Wiki tatu baadaye maji yakaja, saa tatu asubuhi. Haikuwa hata moja katika zile kumi na mbili. Ilikuwa kama ya pili imechanganyika na ya tano, na juu yake kijito kimoja ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria. Daraja likaondoka saa nne. Simu ya mama ikawa haipatikani. Mume wangu alisimama katikati ya ghala, mikono imemning'inia, hajui ashike nini. Wifi alikuwa kwenye redio, sauti yake ileile ya siku zote, anauliza maji yamefika wapi, anaandika. Ghala la kijiji cha ng'ambo, sauti ikasema, limezama mpaka madirishani. Nikakaa chini. Pale ndipo ningekuwa nimeyaweka.

Kisha akaiambia kompyuta ile nusu nyingine ya uamuzi, nayo sasa haikuhitaji dakika arobaini. Tanuri la matofali: mia mbili na kumi yaende ng'ambo, mia moja na thelathini yaende machimbo. Lori la matofali likaondoka saa tano. Saa saba na nusu mtu akapiga simu kutoka ng'ambo: watu wako kwenye mwinuko wa kaburini, wanafunikwa, na kuna bibi mmoja goti bovu anagombana na wapakiaji kwamba turubai lake lina vumbi la matofali.

Mume wangu alilia. Mimi nilihesabu funguo zangu, moja moja, mpaka nikaweza kupumua.

Sitasema kila mtu alipata. Mtaa wa nyuma ya soko ulikaa siku moja na nusu bila kitu, watu wamelala juu ya meza za kuuzia nyanya, kwa sababu mtaro wa pale uliziba takataka na hakuna daftari lililojua. Ofisi nzima ilikuwa inapongezana, na wifi alikuwa ameketi peke yake anaandika habari za mtaro ule. Ukurasa mpya. Mvua ya kumi na tatu.

Mama mkwe yuko kwangu sasa, mpaka nyumba ikauke. Juzi wifi alikaa miguuni pake na daftari, anamwuliza maji yalifika kizingitini saa ngapi. Mama akafikiri, akasema huenda saa tatu, huenda na nusu. Mume wangu akacheka mpaka chai ikampalia. Wifi hakucheka. Aliandika zote mbili, na mbele ya kila moja akaweka uzito.

Mama akamtazama mwanawe anavyoandika, kwa muda mrefu, jinsi watu wanavyomtazama fundi aliyefungua saa. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe nasikia ndiye uliyekuwa umeyaficha."

"Ndiyo, mama."

"Yamebaki mengine?"

Wifi akainua kichwa, kalamu iko tayari. Nikawaambia: mablanketi sitini, juu ya dari ya choo cha ofisi. Akaandika.